Mfupa Mdogo wa Ishango

Kama ungeuokota njiani, pengine ungeutupa. Ni mfupa mwembamba wa mnyama, wenye rangi ya kahawia iliyokolea, na urefu wake ni sentimeta 10 hivi, unaweza kuuficha ndani ya kiganja. Kwenye ncha yake moja kimekazwa kipande kidogo cha jiwe gumu ling'aalo, liitwalo kwartzi. Ubavuni mwake imekatwa mikato mingi mifupi, kama ile ambayo mchungaji huikata katika fimbo yake apate kukumbuka idadi ya ng'ombe. Hauna dhahabu, wala lulu, wala pambo la kumvutia mfanya biashara.

Hata hivyo mfupa huo umewashughulisha wataalamu wa hesabu, wa mwezi na nyota, na wa mambo ya kale kwa miaka zaidi ya 60, wala hawajapatana mpaka leo. Sababu yake ni hii: mtu aliyeikata mikato hiyo aliishi katika nchi yetu ya Kongo, kando ya Ziwa Edward, yapata miaka 20,000 iliyopita. Tena yaonekana kwamba hakuwa akicheza na kisu tu. Alikuwa akihesabu.

Wasomaji wapenzi, tumezoea kudhani kwamba maajabu ya kale yako mbali. Tukisikia neno hilo, mara twafikiri piramidi za Misri au magofu ya Roma. Leo twataka kuwaongoza mahali pa karibu zaidi, mahali ambapo wavuvi wanapita kila siku na mitumbwi yao. Hapo tutaona mambo matatu yaliyofungamana: nchi iliyopasuka, udongo uliohifadhi, na mfupa unaosema.

MAHALI PENYEWE

Enyi wanafunzi, fungueni ramani. Tafuteni mpaka wa Kongo na Uganda, kisha Ziwa Edward. Upande wa kaskazini wa ziwa hilo mtaona mto ukitoka: ndio Semliki. Pale pale mto unapoaga ziwa ndipo Ishango, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, si mbali na kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge. Ni ndani ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, na ambayo sasa yaitwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Semliki hupita magharibi ya milima mirefu ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kikubwa chafikia meta 5,109 na kina barafu ijapokuwa kiko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kisha mto huo waingia Ziwa Albert, na kutoka huko maji yake yanajiunga na mto Nile. Basi jani likianguka majini pale Ishango, lisipozama wala kukwama, lingeweza kufika Misri na bahari ya Mediterania.

Lakini kwa nini ziwa, mto na milima mirefu vimekusanyika mahali pamoja? Jibu liko chini ya miguu yetu. Ganda la dunia katika Afrika ya Mashariki linavutwa pande mbili, polepole sana, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Lilipovutwa, lilipasuka, na sehemu ya katikati ikashuka chini, kama vile sakafu inavyoshuka kuta zikiachana. Ndilo Bonde la Ufa. Katika tawi lake la magharibi maji yamejikusanya kwa mfululizo: Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Penye nyufa mawe ya moto yalipata njia ya kupanda juu, ndipo zikazaliwa volkano kama Nyamulagira na Nyiragongo. Ruwenzori yenyewe si volkano: ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya nyufa.

Nguvu hizo zimebadilisha hata njia za maji. Zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Baadaye volkano za Virunga ziliziba njia kama boma, maji yakapanda, mwisho yakapata mlango mwingine upande wa kusini. Ndiyo maana leo mto Ruzizi hutoka Kivu na kwenda Tanganyika. Ziwa Edward nalo limepanda na kushuka mara nyingi. Kila lilipopanda lilitandika matope na mchanga. Kila liliposhuka liliacha ufuo mpya. Kisha Semliki umekata udongo huo kama kisu kinavyokata mkate, hata kingo zake zaonyesha matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine.

MTU ALIYESOMA UDONGO

Katika miaka ya 1930 zilikuwa zimekwisha kuokotwa Ishango mifupa na vyusa vya kale. Chusa ni mkuki wa kuvulia, wenye meno yanayoelekea nyuma, ili samaki akichomwa asichomoke. Lakini kazi kubwa ilianza mwaka 1950, alipofika pale Bwana Jean de Heinzelin de Braucourt, Mbelgiji mwenye ujuzi wa mawe na ardhi.

Mtu wa namna hiyo hachimbi kama mtafuta hazina. Mtafuta hazina huchimba shimo, huchukua kitu, huenda zake. Mwenye elimu huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, naye huandika kila kitu kilikuwa wapi, kina chake kiasi gani, na kililala pamoja na vitu gani.

Fikirini shimo la takataka nyuma ya jiko. Maganda ya mihogo ya mwaka jana yako chini. Ya mwezi uliopita yako katikati. Ya jana yako juu. Mtu akilichimba shimo hilo kwa utaratibu, ataweza kueleza jinsi jamaa hiyo ilivyokula mwaka mzima, ingawa hakuiona hata siku moja. Lakini kuku na mbwa wakiisha kulivuruga, habari yote imepotea. Vitu vyote vingalipo, lakini mpango wake umekwisha, na pamoja na mpango maana yake pia.

Kwa njia hiyo Heinzelin alisoma udongo wa Ishango. Aliona kwamba vyusa vilivyolala chini kabisa vilikuwa na meno pande zote mbili, na vile vya juu, yaani vya siku za baadaye, vilikuwa na meno upande mmoja tu. Basi mafundi wa Ishango waliendelea kuibadilisha kazi yao, kizazi baada ya kizazi. Jambo hilo hatungaliweza kulijua kama vyusa vyote vingalitiwa ndani ya gunia moja.

WATU WA ISHANGO

Waliishije watu hao? Udongo wajibu. Imeonekana mifupa mingi ya samaki, wakubwa kwa wadogo: kambare, ngege, hata sangara, ambaye leo hapatikani tena katika Ziwa Edward. Imeonekana mifupa ya viboko na ya wanyama wa porini, nayo yatuonyesha kwamba watu hao walikuwa wavuvi na wawindaji. Yameonekana mawe ya kusagia na ya kutwangia. Imeonekana pia mifupa ya watu wenyewe.

Hawakuwa na chuma. Hawakulima mashamba wala kufuga ng'ombe. Lakini mtu asiwadharau. Kuchonga chusa katika mfupa, jino baada ya jino, kwa kutumia jiwe tu, si kazi ya mtu mvivu wala ya mjinga. Jaribuni wenyewe kuchonga mfupa wa mbuzi kwa jiwe, nanyi mtafahamu upesi. Tena mvuvi ambaye hajui majira, asiyejua ni mwezi gani samaki huja pwani na mwezi gani hurudi kilindini, atalala na njaa. Watu hao walijua.

Ni katikati ya vitu hivyo, katika tabaka lake, kwamba ulionekana mfupa mdogo tuliouelezea mwanzoni.

MIKATO INASEMA NINI?

Sasa, wanafunzi, chukueni kalamu na karatasi. Mikato ya mfupa huo imepangwa kwa safu tatu, na katika kila safu imegawanywa kwa mafungu, fungu moja likiachana kidogo na jingine. Mikato michache imechakaa, kwa hiyo hesabu yake si nyepesi. Lakini idadi inayokubaliwa kwa kawaida ni hii:

Safu ya kwanza ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19.

Safu ya pili nayo ina mafungu manne: 11, 21, 19, 9.

Safu ya tatu, iliyo katikati, ina mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Jumlisheni. Safu ya kwanza inatoa 60. Safu ya pili inatoa 60 vile vile. Safu ya tatu inatoa 48. Je, ni bahati tu kwamba safu mbili zimelingana kabisa?

Heinzelin aliona kwamba si bahati. Mwaka 1962 alieleza mawazo yake katika gazeti la sayansi la Marekani. Tazameni, alisema, safu ya katikati: 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, 10 kando ya 5. Yaonekana kama kuzidisha kwa mbili na kugawanya kwa mbili. Tazameni safu yenye 11, 21, 19 na 9: ni kumi na moja zaidi, ishirini na moja zaidi, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja, kana kwamba mtu huyo alihesabu kwa makumi. Na safu ya 11, 13, 17 na 19 ni ya ajabu zaidi: hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa Heinzelin mfupa huo ulikuwa kama mchezo wa hesabu.

Akatokea mtaalamu mwingine, Mmarekani Alexander Marshack, aliyeuchungulia mfupa kwa kioo cha kukuzia. Yeye alisema: hapana, huyu hakuwa akicheza na namba, alikuwa akifuata mwezi. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hata mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Miezi miwili ni siku 59, karibu sana na 60. Na 48 ni karibu mwezi mmoja na nusu. Basi mfupa huo, kwa maoni yake, ni kalenda ya miezi mitano au sita hivi.

Wako tena wa tatu, wenye maneno machache. Wao husema: pengine mikato hiyo haikuwa hesabu kamwe. Kama mfupa ulikuwa mpini wa kile kijiwe cha kwartzi, labda ulikatwa mikato ili usiteleze mkononi, kama vile fundi anavyokwaruza mpini wa kisu chake.

TUSISEME ZAIDI YA MFUPA

Nani mwenye haki? Mwenye mfupa amekwisha kufa, wala hakuacha barua. Kwa hiyo ni lazima tuwe watu wa kweli, maana hapa pana vishawishi viwili, na vyote viwili ni vibaya.

Kishawishi cha kwanza ni kudharau. Zamani watu wengi waliandika kwamba Afrika haina historia, kwamba babu zetu hawakubuni kitu. Mtu mwenye mawazo hayo akiona mikato, atasema mara moja: ni mikwaruzo tu. Huyo amekwisha kuhukumu kabla ya kutazama.

Kishawishi cha pili ni kujisifu. Mtu mwingine, kwa kupenda nchi yake, atasema: tazameni, babu zetu walijua namba tasa miaka elfu ishirini iliyopita! Lakini ili kujua namba tasa, ni lazima kwanza kujua kugawanya namba kubwa kwa kila namba ndogo. Hakuna alama nyingine Ishango inayoonyesha kwamba elimu hiyo ilikuwapo. Namba nne tu zinaweza kupangana hivyo bila ya mtu kukusudia. Tena mfupa huu si wa kwanza ulimwenguni wenye mikato. Katika milima ya Lebombo, upande wa kusini wa Afrika, umeonekana mfupa wenye mikato 29, na umri wake wapita miaka 40,000.

Basi tuseme nini? Tuseme yale ambayo mfupa wenyewe unayaruhusu. Mikato imekatwa kwa uangalifu. Imewekwa kwa mafungu, wala mafungu hayalingani, na mtu anayetaka tu mpini usiteleze hana haja ya mafungu ya namna hiyo. Kwa hiyo wataalamu wengi hukubali kwamba ni hesabu ya namna fulani, ijapokuwa hatujui ni hesabu ya nini: siku, samaki, wageni, au deni.

Hata hilo si jambo dogo. Mtu anayehesabu kichwani, akilala usingizi husahau. Mtu anayekata alama katika mfupa amepata kumbukumbu isiyolala. Ameitoa fikira yake kichwani na kuiweka katika kitu ambacho mwingine anaweza kukishika. Daftari ya mwalimu na kitabu cha duka ni wajukuu wa fikira hiyo.

UMRI WAKE ULIJULIKANAJE?

Msomaji mwangalifu atauliza: nani alijua kwamba ni miaka 20,000? Swali hilo ni zuri, nalo lina habari yake.

Kila kiumbe hai huingiza mwilini mwake kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ina tabia ya kupungua yenyewe kidogo kidogo. Kiumbe kikifa hakiingizi tena. Baada ya miaka 5,730 hivi yabaki nusu tu. Baada ya muda kama huo tena yabaki nusu ya nusu. Basi mwenye chombo cha kupima akijua ni kiasi gani kimebaki, anaweza kujua kiumbe hicho kilikufa lini. Njia hiyo ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940.

Yalipopimwa magamba ya konokono wa majini kutoka Ishango, yalitoa umri wa miaka 21,000 hivi. Heinzelin hakukubali. Alijua kwamba konokono hupata kaboni yake katika maji ya ziwa, na maji ya ziwa lililo karibu na volkano yanaweza kuwa na kaboni ya zamani mno, hata gamba likaonekana zee kuliko lilivyo. Kwa hiyo alipunguza, akasema mfupa wapaswa kuwekwa kati ya mwaka 9000 na mwaka 6500 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Katika miaka ya 1980 bibi mtaalamu wa Marekani, Alison Brooks, pamoja na wenzake walirudi Ishango. Walichimba tena, wakapima vitu vya namna nyingine, mbali na magamba ya majini. Wakaona kwamba umri ule mkubwa ulikuwa karibu na ukweli: miaka 20,000 na zaidi. Heinzelin alikosea, lakini alikosea kwa sababu ya uangalifu, wala hakukosea kwa sababu ya haraka. Tena angalieni neno hili: waliokuja nyuma waliweza kumsahihisha kwa kuwa aliandika wazi wazi mfupa ulikuwa katika tabaka gani. Kama asingaliandika, hata chombo bora cha kupimia kisingalisaidia kitu.

VYUSA VYA KATANDA

Brooks na mwenzake John Yellen hawakuishia Ishango. Walishuka kidogo na mto Semliki mpaka mahali paitwapo Katanda. Huko walipata vyusa vingine vya mfupa, vimechongwa vizuri, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza umri wake: yapata miaka 90,000.

Habari hiyo ilishangaza wengi. Huko Ulaya vyusa vya namna hiyo havikuonekana ila baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Wataalamu wengine walisita, wakauliza kama kweli vyusa vile vilikuwa vya tabaka lile, au kama vililetwa na maji kutoka tabaka jingine. Ni haki yao kuuliza. Ndiyo njia ya elimu. Waliochimba walijibu kwa kuonyesha vipimo vya mchanga na vya meno ya viboko.

Wala si vyusa tu vinavyostahili kutazamwa. Kambare wakubwa huja penye maji machache mwanzo wa mvua ili kutaga mayai. Wavuvi wa maziwa yetu wanajua sana jambo hilo. Yaonekana wale wa Katanda walilijua pia, wakawangojea samaki hao kwa wakati wake. Basi mvuvi wa leo wa Kyavinyonge anapotazama mawingu na kusema, "Juma hili kambare watapanda", anasema neno ambalo pengine lilisemwa kando ya mto huo huo kabla ya miji yote ya dunia.

MFUPA WA PILI

Heinzelin alifariki mwaka 1998. Baada ya kufa kwake ndipo ulipojulikana kwa watu wengi mfupa wa pili kutoka Ishango, ambao yeye hakuutangaza katika maisha yake. Huu ni mrefu kidogo kuliko wa kwanza, sentimeta 14 hivi, nao una mikato 90 iliyogawanywa kwa mafungu. Wataalamu wangali wakibishana juu yake. Lakini mfupa mmoja waweza kuwa ajabu ya mtu mmoja. Mifupa miwili ya mahali pamoja yaonyesha, labda, desturi.

Je, hakuna wa tatu? Nani ajuaye? Udongo wa Ishango na Katanda haujachimbwa wote. Tangu vita vilipoanza mashariki ya Kongo katika miaka ya 1990, kazi ya wachimbaji imekuwa ngumu sana. Askari wa Hifadhi ya Virunga zaidi ya 200 wameuawa katika kazi yao tangu hifadhi ilipoanzishwa. Watu husema kwamba walikufa kwa ajili ya sokwe na tembo. Ni kweli, lakini walilinda pia kingo za mto ambazo ndani yake wamelala babu zetu wa kale.

KITU NA MAHALI PAKE

Basi, jambo gani kubwa tulishike katika habari hii? Ni hili: kitu cha kale kina nusu ya maneno yake, nusu ya pili iko mahali kilipolala.

Fikirini mifupa miwili yenye mikato, inayofanana kama mapacha. Wa kwanza umechimbuliwa kwa utaratibu, nao umeandikiwa tabaka lake, kina chake na majirani zake. Wa pili umeokotwa na mtu aliyeuosha, akautia mfukoni, akauuza kwa mgeni kwa bei ya kilo chache za unga. Wa kwanza unatufundisha vizazi elfu. Wa pili ni bubu. Aliyeuuza hakupata mali, na aliyeununua hakupata elimu. Wote wawili wameipasua karatasi ambayo haina nakala.

Na hatari hiyo haiko Ishango tu. Katika nchi yetu kubwa wakulima hugonga vigae vya vyungu vya kale kwa majembe yao, wachimba madini hukuta shaba iliyofuliwa na wazee, mvua hufunua mashoka ya mawe ukingoni mwa mito. Mara nyingi watoto ndio wa kwanza kuona, kwa kuwa macho yao yako karibu na ardhi.

Kwa hiyo, enyi vijana, mkiona kitu cha namna hiyo, fanyeni hivi. Msikichimbue wala kukiosha. Pimeni kwa hatua umbali wake kutoka mti mkubwa, mwamba au njia. Kikiwa ukingoni, andikeni kina chake kutoka juu, na rangi ya udongo wake. Chorani picha yake, hata kama si nzuri. Kisha mwambieni mwalimu au mkubwa wa mahali, naye awaarifu wenye kazi ya kutunza mambo ya kale. Nanyi wazazi, msiwacheke watoto wenu wakiwaletea habari ya kigae au mfupa. Nendeni nao mkatazame.

Wapi ulipo sasa mfupa wa Ishango? Uko Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili ya Ubelgiji. Huko umetunzwa vizuri, na watoto wa shule za Ulaya husimama mbele ya kioo wakahesabu mikato yake kwa vidole. Watoto wa Kongo walio wengi hawajauona hata kwa picha. Si vibaya kutamani kwamba siku moja wataweza kusimama mbele yake katika nchi yao wenyewe. Mjini Kinshasa ilifunguliwa mwaka 2019 nyumba mpya ya Makumbusho ya Taifa. Basi mahali pa kuwekea vitu vya namna hiyo pameanza kuwapo. Lakini kabla ya kudai kilicho mbali, na tutunze kilicho karibu, ili tutakapoulizwa, tusionekane kama mtu anayedai mbuzi wake kwa jirani huku mlango wa zizi lake uko wazi.

Jioni moja, zamani zile, mtu alikaa kando ya maji ya Ishango na mfupa mkononi. Labda alikuwa baba aliyehesabu siku za safari; labda mama aliyengoja miezi ya mtoto tumboni; labda mvuvi aliyeandika samaki wa ndugu yake. Alikata mkato wa mwisho, akauweka mfupa chini. Hakujua kwamba udongo utaulinda hata tuusome sisi. Nasi hatujui ni akina nani watakaosoma kesho yale tunayoyaacha katika udongo wetu leo. Tusiwavurugie kurasa.